Upande wa Kushoto wa Kioo

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na kiti cha kunyolea hakijambo? Mimi mzima, ila maabara yetu ni baridi kama jokofu, kutwa nafanya kazi na sweta.

Uliniambia nikueleze kazi yangu kwa lugha ya watu. Haya. Tunachukua waya mwembamba kuliko unywele, tunauingiza kwenye ubongo wa panya, kule nyuma ya kichwa ambako kuona ndiko kunakofanyika. Tunampa dawa, haumii. Mbele yake tunaweka skrini na kupitisha michirizi myeupe. Seli ikiona inachokipenda inatoa umeme kidogo, nasi tunausikia kwenye spika: ta, ta, tatata, kama maji yaliyoingia kwenye mafuta ya moto. Kila seli ina kipande chake kidogo cha kutazama. Mchirizi ukipita kwingine, inanyamaza kama haijaona kitu.

Baadaye nachambua kwenye kompyuta: mlio huu ni wa seli ipi, na upi ni kelele tu za mashine. Ndiyo kazi uliyonisomeshea, Baba. Kusikiliza panya akitazama.

Kitindamimba wako


27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Barua yako nimewasomea wateja. Mmoja ameuliza kama huyo panya ana likizo. Mimi nina swali la kitaalamu: mwembamba kuliko unywele wa nani? Nywele ninazozijua mimi zinatofautiana sana.

Dukani kumekuwa na vichekesho. Mwalimu mkuu alirudi kulalamika kwamba nimemnyoa upande mmoja. Nikadhani ananitania, mpaka nilipomgeuza kichwa. Kweli, kushoto kote nywele zimesimama. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya bwana harusi, naye hakucheka hata kidogo. Na ule mlango wa duka nilioutengeneza kwa mikono yangu, siku hizi unanigonga bega la kushoto kila nikipita.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Akasema macho yangu mazima kabisa, kisha akaniuzia miwani. Nikakumbuka barua yako, nikajisemea labda ni zile seli zangu za kushoto zimegoma. Wewe ndiye bosi wao, hebu zungumza nazo.

Baba yako


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuniuliza kulikoni. Maskini bwana harusi. Seli zako hazijagoma, zimestaafu kabla yako tu. Vaa miwani, na ongeza taa upande wa kushoto wa kioo, maana pale dukani tangu zamani pana giza.

Mimi mwenyewe sina raha. Panya wetu aliyekuwa bora kuliko wote ameniangusha. Michirizi ikipita nusu ya kushoto ya skrini, spika kimya. Nimebadilisha waya, nimebadilisha spika, nimewashuku hata mafundi umeme. Profesa anataka michoro mwisho wa mwezi, kwa hiyo rekodi zake nimezitupa zote, nimeandika "waya mbovu". Samahani kwa barua fupi, niko mbiombio.

Kitindamimba wako


9 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Pole na kazi. Miwani navaa, taa nimeongeza. Wateja wamepungua kidogo, wenye haraka wanavuka barabara kwenda kwa kinyozi mmoja kijana mwenye mashine mpya. Siwalaumu.

Jirani, fundi cherehani, ameichungulia barua hii akasema naanza kuandika katikati ya karatasi na kuacha nusu nzima tupu. Mimi naiona imejaa. Nikamwambia akashone nguo zake.

Vipi yule panya, amepona?

Baba yako


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijui barua hii utasomewa na nani.

Jana yule panya alikufa. Tuliupasua ubongo wake tukautazama kwa hadubini. Kumbe waya ulikuwa mzima na spika nzima. Ni mshipa mdogo wa damu ulioziba, na seli za kuonea za upande wa kulia zote zimekufa. Za kulia ndizo zinazoona kushoto. Hilo nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nilikuwa bado nimeshika kile kipande cha kioo cha hadubini nilipokumbuka karatasi yako iliyo tupu nusu ya kushoto. Ilikuwa mezani kwangu wiki nzima, na mimi nikaona ni mambo ya uzee. Nikakimbilia kukupigia simu. Aliyepokea ni fundi cherehani, akasema umelazwa tangu juzi, umepata kiharusi, na madaktari wanasema ni cha pili.

Cha kwanza ulinieleza wewe mwenyewe, nami nikakujibu uongeze taa. Ungekwenda hospitali mwezi ule wangekupa dawa ya kuzuia damu isigande. Wanasema mganga hajigangi, lakini sijasikia popote kwamba hamgangi baba yake. Najuta, Baba. Najuta mpaka chakula hakipiti.

Naomba unijibu jambo moja, hata kama litaniuma. Mbona ulinitania, hukuniambia waziwazi?

Kitindamimba wako


14 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Anayeandika ni fundi cherehani, mimi natamka tu. Kwa hiyo mambo ya siri yapunguze, huyu ana mdomo. Hilo ameliandika huku amenuna.

Nimerudi nyumbani. Natembea, nakula, naongea kuliko zamani. Kuona ndiko kulikokwisha, kushoto na kulia. Madaktari wananimulika, wanasema macho yenyewe hayana kasoro. Mikasi nimempa yule kijana wa ng'ambo ya barabara, na mchana nakaa kwake nasikiliza anavyonyoa. Ana haraka mno, lakini atajifunza.

Usiache kula. Maji yamemwagika, hayazoleki, na si wewe uliyeyamwaga peke yako.

Umeniuliza, nami sitakudanganya. Ule haukuwa utani. Nilikuwa nauliza. Nilikuwa naogopa tangu siku ya mwalimu mkuu, ila nilijua una kazi nyingi, nikaona haya kukujia na hofu za mzee. Nikalifunga swali ndani ya kichekesho. Nikajisemea, likiwa na uzito, mwanangu atalijua.

Barua yako ya kucheka ilipofika nilifurahi sana. Niliisoma mara tatu. Nikajisemea, kama mwanangu amecheka, basi hakuna kitu. Usiku ule nilipata usingizi kwa mara ya kwanza tangu mwalimu mkuu arudi.

Njoo ukipata ruhusa. Sura yako ninayo ile ya siku uliyoondoka, na itabidi niizoee hiyohiyo.

Baba yako