Wanavunja Boma la Vibwengo

Umepita hapa na trekta lako, Fiachra, ukageuza uso. Nimekuona!

Tingatinga limeingia kwenye boma la kale. Shangazi yako Gobnait kasimama mbele yake peke yake, na mkongojo wake.

Dereva anamcheka: "Bibi, toka! Vibwengo wako walishahama."

VIBWENGO!

Shangazi akamjibu: "Mjinga wewe, hao walikuwa watu. Walijenga boma hili, babu zetu wakawapora, halafu kwa aibu tukawaita vibwengo."

Kwa aibu, Fiachra! Unadhani kwa nini mama yako huwawekea hao vibwengo maziwa dirishani?

Dereva kawasha injini tena. Shangazi kaketi chini kwenye udongo, hatoki.

Acha kusoma ujumbe huu! Geuza trekta, uliegeshe mbele ya tingatinga sasa hivi!