Neno Lililombakia Baba

Kaka yangu mpendwa,

Sisi wazima, ila Baba alipata kiharusi mwezi jana, ulimi ukawa mzito, akabakiwa na neno moja tu: "Msokoto." Kwa kuwa maisha yake yote alisokota kamba, nilimpelekea kamba, akaisukuma. Mjomba akadhani anataka msokoto wa tumbaku, tukacheka sana.

Jana nilikuwa namsokota binti yangu nywele. Baba alipotuona akaanza kulia, akagusa kichwa chake, akakinyooshea kidole chumba chako.

"Msokoto."

Nikamuuliza, "Baba, unamtaka yule uliyemfukuza kwa sababu ya nywele zake?"

Akaitikia kwa kichwa, akaung'ang'ania mkono wangu.

Njoo, kaka. Tafadhali, usizinyoe.

Akupendaye,
Mdogo wako