Jana Hakuna Aliyetoka

Manyatta, Kisumu
Jumatano, 14 Mei 2025

Mpendwa mjukuu wangu Wafula,

Salamu nyingi kutoka kwa kukhu wako. Je, unalala? Unakula? Usinidanganye, hata ukiwa huko Doha naijua sauti yako ikiwa na njaa. Mimi nipo. Magoti yanauma, kifua kimetulia, Mungu hajanisahau wala hajanihurumia sana.

Anayeandika ni Dorca, jirani yetu fundi wa nguo. Yeye Mjaluo, mimi Mbukusu, kwa hivyo tunakutana kwa Kiswahili. Mark, mwenzako wa huko Doha aliyekuja likizo, anarudi Jumapili, ndiye atakuletea. Kwa simu unalia halafu unakata. Barua haikatwi.

Mke wako Elsie tulimzika vizuri. Waajiri wako walikunyima ruhusa ya kuja, usijilaumu. Nilimvika ile leso ya kijani uliyomnunulia. Lori la mananasi kutoka Sondu lilimgonga alfajiri akivuka kwenda soko la Kibuye, furushi la mitumba kichwani. Hakuteseka. Niliuliza, na kama angeteseka ningekuambia pia.

Sasa sikia jambo linaloninyima usingizi. Wakati wa matanga, mwili ukiwa bado mochari, alikuja kijana mmoja mpole anaitwa Njenga, na simu kubwa kama sahani. Alisema wanahesabu vile watu wanavyosafiri mjini, ili wajue barabara gani ipanuliwe na wapi watu wa miguu watengenezewe pa kuvukia. Akauliza, "Shosho, jana watu wa nyumba hii walienda wapi?"

Nikamwambia, "Mimi si shosho yako, mimi ni kukhu, lakini keti unywe chai. Jana hakuna aliyetoka. Tuna msiba."

Akaenda mlango kwa mlango. Unajua vile sisi hufanya: mtu akifa, wanawake wote wa vyumba vya ploti wanaacha biashara wakae na wafiwa. Mama Becky hakwenda Kibuye. Maryanne hakwenda. Dorca mwenyewe alifunika cherehani. Kila mlango ukajibu hivyo hivyo: jana hakuna aliyetoka. Na ulikuwa ukweli mtupu.

Tuliporudi kutoka mazishini Bungoma, nikiwa nachambua mboga, ndipo nikashtuka. Wanawake hawa wote huvuka pale pale alipofia Elsie, kila alfajiri, na kwa hesabu ya Njenga hayupo hata mmoja. Wakubwa wa mji huko Milimani watasoma kwamba sisi tunashinda ndani kama kuku wa mayai. Tulikaa nyumbani kwa kumheshimu Elsie, na kukaa kwetu kumeifuta njia yake.

Nilimtafuta Njenga na mkongojo wangu mpaka nikampata ploti za juu. Nikamwambia arudi aulize tena.

"Kukhu, imeshatumwa. Tunauliza siku moja tu, na siku yenu imepita."

"Basi mwandike Elsie. Yeye alitoka. Hakufika."

Akapekua ile simu yake. Kisha akasema aliyekufa hana mahali pa kuandikwa. Nilimtukana, Wafula, mpaka sasa Dorca ananiuliza kama aandike yale maneno. Asiandike. Kijana mwenyewe alilengwalengwa na machozi, nikampa kitambaa changu.

Ndipo akaniambia Alhamisi wenzake watakaa kando ya barabara kuu, pale alipofia Elsie, wakihesabu wapitao, magari na watu wa miguu. Alfajiri hiyo niliamsha ploti nzima. Tulivuka pamoja na mizigo yetu, mimi mbele na beseni la Elsie la sokoni. Hakuna aliyeimba. Mama Becky akawauliza wale wahesabu, "Mmetuona, ama tuvuke tena?"

Msichana mmoja akasema, "Mara moja inatosha, Mama."

Nikamwuliza pa kuvukia patajengwa lini. Akasema hajui, kazi yake ni kuhesabu tu, pengine miaka mitano. Mimi na miaka mitano hatujaahidiana.

Sasa binti yako Mercyline. Shule yake iko ng'ambo ya barabara ile ile, na alikuwa amekataa kwenda, anasema itamla kama ilivyomla mama yake. Uliniomba nimpeleke kwa shangazi yake Bungoma. Hapana. Akikimbia hapa leo, atakimbia barabara maisha yake yote. Kila asubuhi namshika mkono, nainua mkongojo juu, tunaingia. Madereva wananitukana. Mimi pia najua matusi. Mpaka waweke tuta, tuta ni mimi.

Lakini tuta hili limechakaa. Juzi goti lilikataa katikati ya barabara. Tukasimama pale, magari mbele, magari nyuma, na mtoto ndiye aliyenivuta mpaka kando. Sijamwambia mtu, hata Dorca ndiyo anasikia sasa hivi, na kalamu imesimama. Mkataba wako unaisha Desemba. Usiuongeze. Njoo umvushe mtoto wako.

Msalimie Odongo mnayelala naye chumba kimoja. Dada yako Dolphine anakusalimu, na jirani yetu mzee Wepukhulu pia, bado anakohoa na bado anavuta. Mercyline amekataa kusema neno la kuandikwa hapa. Amesema atakuambia ukija.

Mungu akufunike, na kila barabara unayovuka huko, awe ameshafika upande wa pili anakungoja.

Akupendaye, na bado amesimama,
Kukhu Nanyama