Koni za Phyllis Dirishani

Mpendwa Mama Ramla, naomba unisaidie kabla sijaaibika mbele ya kina mama wote wa Othaya.

Naitwa Gathogo, mzee wa miaka sitini na mbili, na jina langu ulitaje tu gazetini, kwa maana hapa nyumbani hakuna wa kunicheka. Mimi na mke wangu Phyllis tulikuwa tunadarizi kwa mashine, nembo za sweta za shule, vitambaa vya makochi, majina ya maharusi, mimi nikichora na yeye akishona, halafu jioni tunakaa pamoja kukata nyuzi zilizobaki kwenye kitambaa, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuongea. Phyllis alifariki Agosti mwaka jana baada ya kuugua mwaka mzima, nikajifundisha mashine mwenyewe, lakini tangu nianze uzi unakatika, nashona petali moja unakatika, natia tena sindanoni, unakatika tena, mpaka nimeanza kuongea na mashine kama mtu.

Kikundi chake cha kina mama kimenipa kazi ya skafu thelathini, nyeupe zenye ua la zambarau, wazivae siku ya maombi ya kumkumbuka, mwezi ujao, na mpaka sasa nimemaliza nne. Nimebadilisha sindano mara tatu, nimelegeza mkazo wa uzi nikaukaza tena, nimetia mafuta, nimelaumu stima. Nilimwita fundi Nderitu kutoka Nyeri, akaifungua mashine yote, akatia uzi wake wa kujaribia, ikashona maua mawili bila kukatika hata mara moja, akaniambia, "Mzee, hii mashine iko sawa kabisa, ni wewe uko na haraka," akanywa chai, akaenda. Nikarudisha uzi wa Phyllis, hata petali moja haikuisha. Ndipo nikaanza kufikiri, usinicheke, kwamba Phyllis hataki mkono mwingine kwenye mashine yake, na akija mgeni ananyamaza kwa heshima.

Koni zake za uzi ziko dirishani vile alivyozipanga alipoanza kuugua, zambarau ikiwa ya kwanza upande wa jua, na mimi nachukua moja nashona, kisha nairudisha palepale. Binti yetu Anita alinitumia katoni ya uzi mpya. Sijaifungua.

Sasa aibu yenyewe. Niliwadanganya kina mama kwamba mashine imepelekwa Nyeri kutengenezwa. Wiki iliyopita mwenyekiti wao, Watiri, alikuja na wenzake wawili na kikapu cha ndizi, wakabisha, "Baba Anita, uko?" nami nikakaa kimya na skafu mkononi. Nikamsikia Watiri akisema, "Si alituambia mashine iko Nyeri? Mbona naiona hapa kwa dirisha?" Waliacha ndizi mlangoni wakaenda, na hawajarudi, na Mama Ramla, hao ndio watu pekee waliokuwa wakibisha mlango wangu. Ndizi zimeiva zote kwa pamoja na siwezi kuzimaliza peke yangu. Nifanye nini na huu uzi?

Gathogo, Othaya

Mzee Gathogo,

Pole sana. Nilidarizi kanzu hapa Nanyuki miaka kumi na moja kabla ya kushika kalamu hii, kwa hivyo umebisha mlango wenyewe. Nitaanza na uzi, maana ndio rahisi.

Umebadilisha sindano, umelaumu stima, umemsingizia marehemu, ila kitu kimoja hukukishuku. Fundi alishona kwa uzi gani? Wake. Wewe je? Wa dirishani. Jibu lilikunywa chai kwako, ukalisindikiza hadi mlangoni! Chukua uzi huo wa zambarau, uzungushe vidoleni, mkono huu na huu, uvute. Ukikatika kama unyasi mkavu, ujue umeuawa na jua. Miaka miwili dirishani, jua la mlimani kila asubuhi, uzi gani utavumilia? Phyllis angekuambia hivyo siku ya kwanza, na angekugombeza. Mwanamke aliyeipenda kazi yake namna hiyo hawezi kulala kaburini akikukatia nyuzi. Alikuachia mashine nzima, mzee wangu, haina kosa.

Fungua katoni ya Anita leo. Tia sindano mpya, punguza mwendo, na koni mpya zikae kabatini.

Sasa mlango, na hapa nimekukasirikia. Watu wanakuletea ndizi, wewe unajificha ndani ya nyumba yako kama mwizi! Mficha uchi hazai. Unalia upweke na ufunguo uko mfukoni mwako. Najua kwa nini ulinyamaza, uliogopa wangeona umeshindwa kazi ya mke wako, na hofu hiyo naielewa, lakini wale wamefiwa pia. Kazi hiyo hawakukupa kwa kukosa mafundi Nyeri nzima.

Mpigie Watiri simu kabla hujagusa mashine. Usitafute uongo wa pili wa kufunika wa kwanza. Mwambie, "Mashine haikwenda popote. Nilikuwa ndani, niliona haya." Atakukaripia, mwache akukaripie. Halafu mwombe aje na wenzake jioni wakusaidie kukata nyuzi. Skafu ishirini na sita zina nyuzi nyingi, na wewe mwenyewe umeniambia hiyo ndiyo saa ya kuongea. Chai upike wewe.

La mwisho. Koni ya zambarau usiitupe. Jua hula uzi wa juu kwanza. Fungua tabaka lililopauka, uendelee kufungua mpaka ufikie zambarau iliyokoza kule ndani, kisha uvute tena. Ukikatika, basi, umejaribu. Ukishika, utatosha ua moja. Lishone kwenye skafu ya thelathini na moja, na hiyo usimpe mtu, ni yako.

Koni ikibaki tupu, irudishe dirishani palepale alipoiweka. Koni tupu jua haliwezi kuidhuru.

Mama Ramla