Ukuta wa Wodi ya Wazazi

Jumanne, tarehe 6

Kitinda mimba wangu,

U mzima huko? Sisi tunasukuma siku. Goti limeanza visa vyake, na masikio ndiyo hayo, simu ikiita naona mwanga tu. Niandikie, usipige.

Wifi yako amelazwa. Mimba inataka kutoka kabla ya wakati, daktari kasema asinyanyuke kitandani. Nashinda kwenye benchi la korido, nimeegemea ukuta wa wodi. Naogopa, mwanangu. Akifumba macho nainama kusikiliza kama anapumua, na masikio yenyewe haya!

Ila kuna la kunifurahisha. Hospitali inaongezwa ghorofa, na michoro imetoka ofisini kwenu. Wauguzi wote nimeshawaambia, mwanangu ndiye aliyelitoa jengo hili kwenye kompyuta ya zamani akalitia kwenye mpya. Jana nyapara wa mafundi aliugonga ukuta huu kwa ngumi. "Mama, mchoro unasema huu ni wa kugawa vyumba tu. Mbona mnene hivi? Niulize kwanza?" Nikamwambia, "Mwanangu hajakosea hesabu tangu darasa la kwanza. Vunja, baba!" Tukacheka wote. Wanauvunja Alhamisi, wapitishe ngazi. Wagonjwa watasogezwa upande wa pili, litundikwe turubai.

Mama yako.

Jumatano, tarehe 7

Shikamoo mama,

Pole na goti, pole na wifi.

Mama, mimi sichori. Programu za kuchorea majengo hubadilika kila mara, na jengo lililochorwa kwa programu ya zamani siku moja hugoma kufunguka. Mimi nalihamisha kabla halijagoma. Aliyechora hospitali yenu alijitengenezea aina yake ya ukuta wa kubeba dari. Programu mpya haiijui aina hiyo. Haikulalamika, iliweka ukuta wa kawaida pale pale. Nikatazama, vyumba viko mahali pake, nikaandika "sawa".

Baada ya kusoma maneno ya nyapara nimewasha kompyuta kuukuu ya ofisi, nikafungua jengo lilivyokuwa. Ukuta unaouegemea ndio uliobeba dari ya wodi nzima.

Mkubwa wangu wa kazi yuko safarini, hapokei simu. Namba ya nyapara sina. Mapokezi ya hospitali wananiambia nisubiri mhandisi. Mama, mtoe wifi humo. Wazuie. Waambie nimekosea.

Kitinda mimba wako.

Alhamisi, tarehe 8, asubuhi

Mama, umesoma?

Alhamisi, mchana

Mama nakuomba. Hata neno moja.

Ijumaa, tarehe 9

Mwanangu,

Marahaba. Tuko hai, vuta pumzi kwanza. Simu iliisha chaji na sikuthubutu kuondoka pale.

Ujumbe wako niliuona jana asubuhi, nimeshakaa kwenye benchi. Nyundo zilikuwa zimeanza. Sikuzisikia kwa masikio, nilizisikia mgongoni. Nikasoma mpaka pale uliposema ukuta ninaouegemea, nikainuka.

Nikapita chini ya turubai nikaubana ule ukuta kwa mgongo wote. Plasta imetoka, matofali mawili chini. Nyapara akafoka, "Mama, toka hapo, unatafuta kifo?"

Nikamwambia, "Mwanangu amekosea."

Nyundo zikashuka zenyewe. Akanikazia macho. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Mwanao yule yule wa darasa la kwanza?"

"Yule yule."

Hakuuliza karatasi wala mhandisi. Aligeuka akawapigia mafundi kelele, "Leteni magogo, egemezeni dari! Huyu mama akikiri mwanawe kakosea, basi hapa tumekwisha."

Wifi yako tulimtoa na kitanda chake, tukikisukuma kama mkokoteni, wauguzi wawili na mimi na goti langu. Tulipofika mlangoni nikatazama juu. Ufa ulikuwa umetoka ukutani ukafika kwenye taa. Mhandisi amekuja, wameweka nguzo za chuma, wodi imefungwa. Mimba imeshika. Lakini mimi kila nikiinua kichwa nauona ule ufa, hata kwenye dari isiyo na ufa.

"Vunja, baba." Kinywa changu hiki.

Mkubwa wako akikufokea, nyamaza, umestahili. Akikufukuza, chumba chako kipo.

Mama yako.

Jumamosi, tarehe 10

Shikamoo mama,

Nimelia mpaka jirani amebisha hodi. Msalimie wifi, mwambie anisamehe.

Mkubwa amerudi. Hajanifukuza. Ila mama, kuna majengo mengine niliyoyahamisha kwa njia ile ile, na aliyeyachora ni yule yule: soko, shule, bweni la wanafunzi. Yote nimeandika "sawa". Na mafundi wameshaanza kazi huko kote. Mkubwa anasema tuyakague polepole, tusiwatishe wateja bure. Ile kompyuta kuukuu nayo leo imekataa kuwaka. Naogopa kumpinga, na naogopa kunyamaza.

Kitinda mimba wako.

Jumapili, tarehe 11

Mwanangu,

Wifi yako amekula leo, amenitania kwamba nanuka chokaa. Kakusamehe.

Huyo mkubwa wako mwache na upolepole wake. Mtafute fundi wa kompyuta, na hata kabla hajafika, tafuta nyapara wa kila jengo umwambie ulivyoniambia mimi: nimekosea, usivunje. Neno hilo ni chungu, nimelimeza mbele ya hospitali nzima na bado natembea. Wauguzi wakiniuliza habari zako nawaambia mwanangu hufichua kosa lake mwenyewe, wa kwao je? Eh, nijisifu na nini tena?

Lakini mimi nilikuwepo hapa kwa sababu ya wifi yako. Huko kote hakuna mama yako kwenye benchi.

Anza na bweni. Leo Jumapili, watoto wamo ndani.

Mama yako.