Ndoo Chini ya Kiyoyozi

Anko wangu mpendwa,

Shikamoo. Usipoitikia sitanuna, hata ulipokuwapo, ukishika gazeti nilikuwa naamkia mara tatu ndipo unasema marahaba.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi yako, nje ya dirisha la chumba chenu, chini ya kile kiyoyozi ulichokuja nacho kutoka Dar es Salaam kimeviringishwa kwenye godoro kama mgonjwa. Ofisi yenu ilipohamia Dodoma, wenzako walibeba makabati na vyombo. Wewe ukabeba baridi. Mtaa wetu mzima wa Area D ulicheka.

"Anko, mwezi wa saba huku utalia blanketi," nilikuonya.

"Mwezi wa saba ni wako, bwana mdogo. Mimi naogopa wa kumi."

Nilikuita Anko tangu ulipoanza kuja kwetu kumposa mama, na hata baada ya ndoa sikubadilisha. Wewe hukuniomba, na mimi sikujipendekeza.

Mwezi wa kumi ukafika, kiyoyozi kikaanza kupuliza joto kama pumzi ya mbuzi. Presha yako na joto lile havikupatana. Ulikuwa unakesha umekaa kitandani. Akaja fundi, akakitazama kwa chini bila hata kupanda ngazi, akasema gesi imeisha, akataja bei. Mama akamkaribisha chai ili aache kutaja.

Alipoondoka nikakwambia, "Hela yako ikae, Anko. Kichwa hiki kiliishia kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa, si kwa sababu kilijaa."

Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ukaenda kuleta bisibisi.

Jumamosi ile nadhani unaikumbuka. Ulizima swichi kuu ukasimama mbele yake kama askari, mtu asije akaiwasha. Nikafungua mfuniko, nikavuta machujio: vumbi letu jekundu limeganda juu yake kama kipande cha blanketi. Nikayaosha kwa sabuni kidogo, nikaenda kuyatandaza juani.

"Kivulini! Hiyo ni plastiki, si mihogo."

Kwenye mashine ya nje ukasugua vumbi kwa brashi laini, taratibu, kama unamsafisha mtoto masikio. Mimi nikapeleka bisibisi kwenye kile kikasha cha umeme. Ukanichapa kofi mkononi.

"Hapo hapana. Umeme hauna utani. Hata ukiuzima, kuna mahali unajificha."

Tulipokiwasha, baridi ilitoka ya kweli. Nikacheza chumba kizima. "Fundi nani? Anko, sema, fundi ni nani?" Ulikwenda nje kutazama ndoo.

Ile ndoo ya bluu, mpini umefungwa waya. Huko Dar kiyoyozi kilikuwa kinakujazia ndoo maji kila siku, nawe ukapiga hesabu zako: kwa kuwa huku bomba lina siku zake, maji ya kiyoyozi yatanywesha mche wa mzabibu ulioununua Hombolo. Ukaupanda pale pale ukutani. Lakini ndoo ilikuwa kavu.

"Bado kinaumwa," ukasema. "Hakitoi maji."

"Labda kimefunga swaumu, Anko."

"Kingekuwa kimefunga, kingekuwa kimekuzidi adabu."

Mama, mwenyeji wa Mvumi, akaanua kanga kwenye kamba akakuwekea mkononi. "Nimeianika sasa hivi mkibishana. Ishike. Imekauka au haijakauka? Hewa ya kwetu haina maji ya kumpa mtu, mume wangu. Subiri mvua."

Ukasubiri. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini uliinama, ukagonga ndoo kwa kidole. Nami nikapiga kelele dirishani, "Mgonjwa kaamkaje?"

"Bado, bwana mdogo. Bado."

Mvua hukuziona. Alfajiri moja mama aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, tukakupakia kwenye bajaji umeegemea bega langu. Hospitali hukutoka kwa miguu yako.

Tulikupeleka kwenu pwani. Pale kaburini mzee mmoja wa ukoo wenu, kanzu kaikunja magotini, alinitazama akauliza kwa upole tu, "Na wewe kijana, ni nani wa marehemu?"

Mimi, mdomo usiofunga, niliinama nikaokota donge la udongo. "Nimetoka naye Dodoma," nikasema, kama vile mimi ni mzigo wako.

"Basi sogea kidogo, waingie watu wake wa karibu."

Nikasogea. Nililishika lile donge mkononi mpaka likawa vumbi.

Tuliporudi mama alifunga chumba akalala sebuleni kwenye mkeka. Juzi mvua zilipoanza, aliufungua mlango, akawasha kiyoyozi. Pumzi ya mbuzi. Akasema tumwite yule fundi akinunue akavunje vipuri.

"Hakiuzwi," nikamjibu, na safari hii sikuwa natania.

Leo nimezima swichi kuu. Nimeosha machujio, nimeyaanika kivulini. Kile kikasha sikukigusa, ingawa hakukuwa na wa kunichapa. Nikakiwasha, nikatoka nje kuondoa ngazi.

Nikasikia tone. Halafu la pili. Nikainama juu ya ndoo: maji, Anko, yamefunika chini.

"Baba! Baba, njoo uone, kinatoa!"

Neno lilitoka lenyewe. Mama akaja na mwiko mkononi. Nilidhani atalia. Alisimama mlangoni akaichungulia ndoo.

"Mwite tena," akasema. "Usipige kelele. Mwite vizuri."

Nikakuita tena.

Yale maji nimeumwagia mzabibu wako. Umenyeshewa tangu juzi, hauna shida nayo, lakini wewe uliuahidi. Na nitakapokuja kukusafishia kaburi, yule mzee aniulize tena. Safari hii atajibiwa.

Ila usijisifu huko uliko. Fundi bado ni mimi.

Pumzika, Baba. Mgonjwa kaamka salama.

Mwanao