Sakafu yenye ilipimwa na maziwa

Dada Furaha,

Mvua ya Walikale haitupumzishe, lakini niko muzima. Tunajenga nyumba ya universite, kwenye wadogteri watachunguza magonjwa. Sakafu ya juu haipaswe kutetemeka, juu mashini za kutazamia vijidudu hazipende kutikiswa.

Jana bwana enjenyeri aliweka pale katikati bakuli ya maziwa ya kahawa yake, akasema: "Murukeruke. Maziwa ikitikisika, tunabomoa, tunaanza upya."

Nikafikiri maharagi ya kuvuna huko nyumbani, kama tukianza upya sitaifikia, nikaruka roho mukononi. Maziwa ikatulia. Akaenda zake na furaha. Sisi watu wa Masisi, wenye tulikomalia maziwa, tukaikunywa yote yenye aliacha.

Leo tulimwambia kama kila chumba kinaomba kupimwa, na bakuli ikuwe kubwa. Alikubali.

Mungu awachunge wewe na watoto. Mwambie Mama asihangaike, ninanenepa.

Kaka yako Bahati